Notsi za utafiti ninazo kauntabuku zima ila sentensi zinakataa, naombeni ushauri

Binti_Nkuhungu:
Mbukwenyi wanajamvi, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mnisaidie maana nimekwama kweli. Niko mwaka wa tatu chuo kimojawapo hapa hapa Dodoma, naandika ripoti ya utafiti kuhusu ule mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, 1947 mpaka 1951. Notsi ninazo tena nyingi, nimekaa maktaba, nimeenda Kongwa mara mbili nikakaa na wazee. Shida ni kuandika, yaani nikianza najikuta nahamisha tu notsi kutoka daftarini kwenda kwenye laptopu. Hii hapa ndo paragrafu niliyopeleka:

"Mwaka 1947 lengo lilikuwa kupanda ekari 150,000. Zilipandwa ekari kama 7,500. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Karanga huzaa chini ya ardhi. Mvua haikutosha. Mpango ulisitishwa 1951 na serikali ya Uingereza ikapata hasara ya pauni milioni 36."

Supavaiza hakunifokea wala nini, amezungushia kila sentensi kalamu nyekundu na pembeni ameandika "ya nini?" Sentensi sita, "ya nini?" sita. Akaniambia kila sentensi lazima iwe na lengo lake, kuna ya kuonyesha chanzo, kuna ya ushahidi, kuna ya kumjibu anayepinga. Nimemwelewa ila inafanyikaje sasa, unatokaje kwenye notsi unafikaje kwenye sentensi yenye lengo? Ijumaa natakiwa nirudishe.

Kijana_Area_D:
Pole dada. Si unapiga picha notsi unaipa akili bandia inakuandikia chapu, mbona rahisi.

Mwl_Majengo:
Marahaba mwanangu. Kijana hapo juu nia yako nzuri lakini hapana. Hiyo programu itampa sentensi laini kabisa, ila haijui yeye anataka kumshawishi nani juu ya nini, na inaweza ikachomeka tarakimu ambayo kwenye daftari lake haimo, siku ya kutetea akiulizwa umeitoa wapi atajibu nini.

Sasa binti, nimefundisha uandishi miaka mingi na hili la kwako nimeliona kwa watoto wengi wenye bidii. Unafungua daftari kwanza halafu ndo unatafuta cha kusema. Geuza. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kwa maneno ya kawaida kama unamsimulia mwenzako kwenye daladala: "hapa nataka msomaji aone kwamba tangu msimu wa kwanza kilichofanyika kilikuwa mbali sana na kilichopangwa". Hilo ndo lengo. Ukishaliandika ndo unafungua daftari kutafuta notsi za kulibeba, na utaona tarakimu zako mbili za 1947 zinajileta zenyewe, tena hazitaki kukaa sentensi mbili, zinataka moja ili zipambane: "Mwaka 1947 mpango ulilenga kupanda ekari 150,000 lakini zilizopandwa zilikuwa kama 7,500, yaani ekari moja kwa kila ishirini zilizokusudiwa." Hiyo moja kwa ishirini kwenye daftari lako haikuwepo, umeipata kwa kugawanya tu, lakini ndiyo inayomfanya msomaji ashtuke.

Chukua tarakimu hizo hizo ubadilishe lengo, sema unataka kuonyesha wapangaji walikurupuka: "Waliopanga kulima ekari 150,000 kwa msimu mmoja hawakuwa wameujua vizuri udongo wa Kongwa, ndiyo maana waliishia kupanda ekari kama 7,500." Unaona? Ya kwanza inapima, ya pili inalaumu. Na ukiandika ya pili ujue umejitwika mzigo, lazima uwe na notsi nyingine inayoeleza udongo ulichunguzwa vipi kabla ya kuanza. Kama huna usiiandike, baki na ya kwanza.

Mkulima_Kibaigwa:
Mimi chuo sijafika ila karanga nalima. Umeandika udongo una mfinyanzi, ukaandika karanga zinazaa chini, halafu umeziacha zimekaa pale kama abiria wasiojuana. Njoo shambani mvua ikishakata, shika shina uvute. Kwenye kichanga linakuja na karanga zake zote zinaning'inia. Kwenye udongo unaoshika unasikia ka! umebaki na majani mkononi, karanga zimebaki chini, hapo uchukue jembe uchimbe na nusu unazikata kwa jembe hilo hilo. Sasa hao wenzetu walikuwa na maekari na mashine. Hizo notsi zako mbili ni kitu kimoja dada.

Binti_Nkuhungu:
Kaka yangu nimesisimka kweli. Yaani nimeziandika kurasa tofauti, moja kutoka kitabu kingine na nyingine kutoka kwa mzee wa Kongwa, sikuwahi kuziona pamoja. Hebu nijaribu: "Kwa kuwa karanga huzaa ardhini, udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi mwingi ulikwamisha kazi mara mbili: ulikuwa mgumu kulima kabla ya mvua, na ulikauka ukazishikilia karanga wakati wa kuvuna." Lengo langu hapa ni kuonyesha chanzo.

Mwl_Majengo:
Safi sana. Hiyo "kwa kuwa" ndo imebeba lengo. Ukitaka chanzo utaihitaji hiyo au "ndiyo maana", ukitaka kutofautisha utataka "ilhali" au "lakini", ukitaka kumkubalia mtu kidogo halafu umpinge utaanza na "ni kweli kwamba". Wanafunzi huwa wanabandika hayo maneno mwishoni kama urembo, wakati ukilichagua mapema linakwambia hata notsi gani uitafute.

Mhariri_Makole:
Naongezea moja mdogo wangu, hili limenigharimu. Nilipokuwa naandika ya kwangu nilikuwa nanakili maneno ya vitabu kwenye daftari bila alama za kunukuu, miezi ikapita, nikarudi nikidhani ni maneno yangu, nikayaweka kwenye ripoti. Nikaitwa, nikarudishwa kuandika chapta mbili upya, na nilistahili. Tangu hapo natumia kalamu mbili, bluu ni maneno ya mwandishi na ukurasa wake, nyeusi ni mawazo yangu. Nikikuta kurasa tano zote bluu najua bado sijafikiri, nasimama hapo hapo naandika chini kwa nyeusi "hii inanisaidia kusema nini?"

Halafu hao wazee uliowahoji angalia kitenzi. "Mzee anakumbuka" ni tofauti na "mzee anadai" na tofauti kabisa na "hii inathibitisha". Ukiandika anadai umeshamwambia msomaji asimwamini sana, na mzee wa watu amekukaribisha kwake akakupa alichonacho. Kama alikuwepo mwenyewe akiwa mtoto, anakumbuka. Kama alisimuliwa na baba yake, andika hivyo hivyo kwamba alisimuliwa na baba yake. Kuthibitisha acha mpaka upate notsi mbili kutoka vyanzo tofauti zinasema kitu kimoja.

Binti_Nkuhungu:
Asante sana dada. Nimekata notsi vipande nimevitandaza kitandani, dirisha nimefunga maana huu upepo wa mwezi wa saba mnaujua. Kuna kimoja kinaniuma. Nina ukurasa mzima kuhusu kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa iliyoanza 1964, walipokaa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine, nimeupenda sana na nilihangaika kuupata. Nauweka wapi?

Mwl_Majengo:
Chapta yako inauliza kwa nini karanga zilishindikana. Kambi ya 1964 imekuja miaka 13 baada ya mpango kufa, haiwezi kuwa sababu. Usiitupe, itie kwenye bahasha yake. Ukiwa na sehemu inayouliza Kongwa ilitumikaje baadaye, hapo itapata kazi. Huna, basi ni utafiti wako mwingine huo.

Mkulima_Kibaigwa:
Na ile "mvua haikutosha" irekebishe. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na kinachoumiza sana ni inavyokatika katikati wiki kadhaa mazao yakiwa yanachanua. Mtu akikwambia tatizo lilikuwa mashine tu, mjibu na hiyo.

Binti_Nkuhungu:
Nimekaa mpaka saa saba usiku. Someni jamani, kabla ya kila sentensi niliandika lengo kwa penseli pembeni:

"Mwaka 1947 mpango ulilenga kupanda ekari 150,000 lakini zilizopandwa zilikuwa kama 7,500, yaani ekari moja kwa kila ishirini zilizokusudiwa. Kwa kuwa karanga huzaa ardhini, udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi mwingi ulikwamisha kazi mara mbili: ulikuwa mgumu kulima kabla ya mvua, na ulikauka ukazishikilia karanga wakati wa kuvuna. Ni kweli kwamba mashine nyingi zilikuwa mitumba ya vita na ziliharibika mapema, lakini hata mashine nzima isingeweza kurudisha mvua ya msimu mmoja ikishakatika katikati."

Mhariri_Makole:
Mimi ningesaini leo hii. "Nzima" ibadilishe iwe "mpya", nzima inaweza kusomwa kama kamili.

Mwl_Majengo:
Hongera mwanangu. Ile sentensi ya pauni milioni 36 siioni, imeenda wapi?

Binti_Nkuhungu:
Nimeihamishia chapta ya matokeo mwalimu. Hapa nilijiuliza "ya nini?" nikakosa jibu.