Boma la enzi za CDA limeishia kwenye lenta: kibali cha zamani bado kinafaa?

Mdau_Nzuguni:
Wakuu, naomba mwongozo. Kiwanja kiko Nzuguni, Dodoma, kimepimwa, hati ni ile ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ya miaka 33. Ramani iligongwa muhuri 2015: nyumba ya chini, vyumba vitatu. Boma liliishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Sasa mpango ni kuongeza ghorofa moja na kuweka fremu mbili za maduka upande wa barabara. Kibali cha CDA kinahesabika? Jiji nianzie wapi?

Ramani_na_Bikoni:
Mkuu, tenganisha haki ya ardhi na ruhusa ya kujenga. CDA ilivunjwa Mei 2017, majukumu yakahamia Manispaa, ambayo ni Jiji tangu Aprili 2018. Haki yako ya kiwanja haikufa, na hati za miaka 33 zinabadilishwa kuwa za miaka 99. Kibali cha ujenzi ni habari nyingine. Kina muda wake, usome kwenye karatasi yenyewe, na kiliruhusu mchoro ule tu. Ghorofa haimo, fremu hazimo. Kwa mpango wako unahitaji maombi mapya.

Anza na hati. Lipa deni la kodi ya pango la ardhi na hakikisha jina linalingana na la NIDA. Kama mmiliki amefariki, shughuli hiyo ni ya msimamizi wa mirathi. Hati mpya ikitoka soma masharti ya uendelezaji. Kwa kawaida unapewa miezi 6 ya kuwasilisha michoro na miezi 36 ya kukamilisha jengo, kwa hiyo usiichukue halafu ukaifungia kabatini.

Maombi ya kibali yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Andaa ramani ya sakafu, mikato, mionekano ya pande nne, paa, michoro ya mhandisi kwa ajili ya ghorofa, na mpangilio wa kiwanja unaoonyesha karo na shimo la kunyonya. Michoro iwe na mihuri ya wataalamu waliosajiliwa.

Mafaili mengi hukwama kwenye huo mpangilio wa kiwanja. Mchoraji anachora mstatili ulionyooka, kumbe kiwanja kina upande uliopinda; afisa akija na futi, ukuta uko karibu na mpaka kuliko ilivyochorwa. Wewe tayari una boma, kwa hiyo chora kilichosimama. Vuta kamba toka bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja) hadi bikoni, pima kutoka kila kona ya nyumba hadi kwenye kamba, pande zote nne. Bikoni ikiwa imepotea, mpima ardhi airudishe. Uzio wa jirani usiufanye mpaka, huenda naye alikosea.

Halafu fremu. Kama hati inasema "makazi", hayo maduka yanahitaji kwanza mabadiliko ya matumizi kwenda makazi na biashara. Ni maombi ya peke yake, na majirani wana nafasi ya kuweka pingamizi. Ukiyachanganya na kibali cha ghorofa, nyumba nzima itasubiri fremu.

Nondo16:
Kabla hujamlipa mchoraji hata shilingi, hakikisha kwanza hiyo ghorofa inawezekana. Chimba mashimo mawili kando ya msingi, moja kwenye kona na jingine katikati ya ukuta mrefu, hadi uone chini ya msingi. Mhandisi aangalie kina, upana na udongo.

Nyumba ya chini kwa kawaida husimama juu ya msingi mfululizo wa mawe au tofali, na kuta ndizo zinazobeba. Slabu ya zege ya milimita 150 ina uzito wa kama kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 peke yake kinabeba karibu tani 6, kabla ya kuta za juu, sakafu na watu. Mzigo huo unataka nguzo zenye besi zake, yaani kuvunja kuta sehemu kadhaa na kuchimba upya. Mara nyingi hesabu inaonyesha ni nafuu kuipaua ilivyo.

Ukikuta udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, ongeza umakini. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa, na nyufa za mshazari zinaanzia kwenye kona za madirisha. Dodoma pia hutikiswa na matetemeko, kwa hiyo ringi za nguzo (vyuma vinavyozungushwa kwenye nondo) zipangwe kwa kukaribiana zaidi karibu na viungo.

Mdau_Nzuguni:
Nimewaelewa wakuu. Barabara ni ya mkoa, na fremu zingekuwa mita 25 kutoka katikati yake.

Hifadhi_ya_Barabara:
Hapo usijenge. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Waliokuwa wamejenga kati ya 22.5 na 30 kabla ya sheria waliwekewa alama ya X ya kijani kwenye majengo, wana haki ya fidia. X nyekundu haina fidia. Atakayejenga leo ndani ya hizo 30 anabomolewa kwa gharama zake. Kapime na TANROADS, wakala wa barabara, na upate jibu kwa maandishi. Kama kuna mto karibu, sheria ya mazingira inataka mita 60 toka ukingoni.

Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU isikupe moyo. Haithibitishi kwamba jengo lina kibali.

Mdau_Nzuguni:
Wakati nasubiri, boma nilifanyeje?

Nondo16:
Usiongeze tofali hata moja. Piga lipu nyembamba juu ya kuta ili maji yasishuke kwenye matundu ya tofali. Nondo zilizochomoza zisugue kwa brashi ya waya. Kutu ikibanduka kama magamba na nondo imekonda, mhandisi aione kabla haijaunganishwa na nyingine. Zilizo nzima zipake uji mzito wa saruji, kisha zifunge kwa nailoni.