Naomba ushauri: mwaka mzima natibiwa UTI siponi, na bingwa simpati

Mwana_Dagaa: Habari zenu wakuu. Nina miaka 31, naishi Kirumba, Mwanza, nauza dagaa pale soko la Mwaloni. Tangu mwaka jana nikikutana na mume wangu natokwa damu kidogo, tumbo la chini linavuta, huko chini kunawasha. Nimeenda hospitali mara tano. Zote tano ni UTI au zinaa: sindano, vidonge vya wiki, "njoo na mwenzako". Mwenzangu akaja, akapimwa, hana kitu. Mara ya pili akagoma. Sasa tunalala mzungu wa nne.

Daktari wa mwisho hata uso hakuinua. Nilipomwambia dawa hizo nimeshazimaliza akaniuliza, "Kwani wewe ndiye daktari?" Rufaa aliiandika huku amenuna. Bingwa wa akina mama nikapangiwa baada ya miezi mitatu. Siku hiyo nilifika saa kumi na moja alfajiri. Saa saba mchana tukatangaziwa daktari yuko semina, tupangiwe upya. Kuna mama alivuka kutoka Ukerewe jana yake. Alikaa sakafuni akalia.

Nisubiri wiki sita nyingine, au nikope niende binafsi?

Sangara_Mbichi: Mchunguze mumeo vizuri 😂

Nesi_Mstaafu: Wewe Sangara, kasema kapimwa. Pole mwanangu. Umekulia wapi?

Mwana_Dagaa: Shikamoo mama. Misungwi. Lamboni ndiko tulikochota, tukafua, tukaogelea. Darasa la nne nilikojoa damu, mama akadhani nimevunja ungo.

Nesi_Mstaafu: Marahaba. Basi waulize habari ya kichocho. Mayai ya minyoo yake hayaishii kwenye kibofu, yananasa hadi ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yanaleta vidonda, damu na muwasho. Ukisikiliza maelezo tu utasema zinaa. Na mkojo unaweza kuonekana safi wakati mayai yamebaki kwenye nyama. Lazima mtu akuangalie ndani kwa spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke. Kuna aliyewahi?

Mwana_Dagaa: Hakuna. Mara zote tano nilihojiwa nimekaa kwenye kiti.

Nesi_Mstaafu: Nilijua tu.

Kijana_wa_Igoma: Kichocho si cha ziwani jamani?

Nesi_Mstaafu: Cha ziwani zaidi ni kile cha tumbo. Cha mkojo konokono wake wako malamboni na kwenye majaruba ya mpunga. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito; zile antibayotiki hazigusi minyoo. Lakini usikimbilie duka la dawa mwanangu. Damu baada ya tendo inaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi, hiyo haisubiri wiki sita. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango uombe kipimo cha siki, cha kuangalia saratani hiyo. Nesi aliyefundishwa anakifanya, hakihitaji bingwa, na hapohapo anaona kama kuna vidonda. Tarehe ya bingwa usiiache, na usikope bado.

Baba_Wawili: Andika kwenye karatasi moja tarehe na dawa zote ulizopewa, umkabidhi kabla hajafungua mdomo. Mke wangu alifanya hivyo, daktari akaacha simu yake. Wakikuzungusha tena, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini.

Mwana_Dagaa: Wabeja sana. Jumatatu naenda. Mume wangu kausoma uzi wote, kasema atanisindikiza. Sangara, na wewe kakusoma.