Tairi limetoa uvimbe ubavuni baada ya kuingia shimoni: je, linaweza kunifikisha Iringa?

Msafiri wa Kibaha (mwanzilishi wa mada)

Wakuu, salaam. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa narudi nyumbani usiku huku mvua ikinyesha, tairi la mbele la kushoto likaingia kwenye shimo lililojaa maji ambalo sikuliona mpaka niliposikia kishindo. Nilishuka nikakagua kwa tochi ya simu, sikuona kasoro yoyote. Upepo haukupungua wala usukani haukuvuta upande. Siku nne baadaye, nilipokuwa naosha gari, nikakuta ubavuni mwa tairi hilohilo uvimbe unaolingana na nusu ya yai la kuku, laini kwa juu, usio na mpasuko wala mchubuko.

Gari ni Toyota ndogo, matairi yake ni 185/65R15, yana miaka miwili na kashata (sehemu inayokanyaga barabara) bado ni nzima, ndiyo maana naona uchungu kulitupa. Nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu. Fundi wa pancha wa mtaani anataka aniwekee tyubu ndani. Jirani yangu, dereva wa siku nyingi, anasema nilihamishie nyuma na kulipunguza upepo. Shemeji yangu anashikilia kwamba hiyo ni kasoro ya kiwandani na nimrudishie muuzaji. Jumamosi natarajia kwenda Iringa na familia, safari ya karibu kilomita 500. Naomba kueleweshwa uvimbe huu ni kitu gani hasa, na kama safari hiyo inawezekana.

Fundi Matairi, Morogoro

Ndugu Msafiri, pole. Nitaanza na jibu la safari: usiende na tairi hilo, hata likiwa nyuma, hata mwendo ukiwa wa pole.

Ubavu wa tairi la gari dogo si mpira mtupu. Ndani yake kuna tabaka moja au mawili ya nyuzi, kwa kawaida za poliesta, zinazotoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili, na hizo ndizo zinazobeba nguvu ya upepo. Nyaya za chuma ziko chini ya kashata na kwenye ukingo unaoshika rimu, ubavuni hazipo. Gari linapoingia shimoni, ubavu hubanwa kati ya rimu na ukingo wa lami, na baadhi ya nyuzi hukatika ilhali mpira, kwa kuwa unanyumbuka, hurudi mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya hapo upepo huanza kuusukuma mpira taratibu pale pasipo na nyuzi za kuuzuia. Ndiyo sababu hukuona kitu usiku ule: uvimbe unaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa, hata wiki.

Fanya hesabu ndogo. Upepo wa PSI 32 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo) ni sawa na zaidi kidogo ya kilo 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ikiwa eneo lililokatika nyuzi lina upana wa sentimita 4 na urefu wa 5, basi hapo pana msukumo wa takriban kilo 45, karibu na uzito wa mfuko wa saruji, na unazuiwa na mpira peke yake, tena mpira unaopinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka. Tairi kama hilo halipati pancha ya kawaida ya kuishiwa upepo kidogo kidogo. Hupasuka ghafla.

Kuhusu shemeji yako, kasoro za kiwandani zipo, lakini wewe mwenyewe umeeleza kishindo na uvimbe uko kwenye tairi lilelile lililogonga. Dhamana za matairi kwa kawaida hazihusishi madhara ya kugonga shimo au ukingo wa barabara.

Mzee wa Fuso

Fundi, kwa heshima zote, sisi tuliendesha malori miaka mingi na tairi likitoa uvimbe tulikuwa tunaweka tyubu na kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, tunafika Tunduma na kurudi. Msimtishe kijana bure.

Fundi Matairi, Morogoro

Mzee wangu, shikamoo. Ninayakumbuka matairi hayo, na tofauti iko hapohapo. Yalikuwa na matabaka mengi ya nyuzi zilizokingamana, nayo yaliundwa tangu mwanzo kutumia tyubu. Tairi la radiali la gari dogo, yaani lile ambalo nyuzi zake hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, lina ubavu mwembamba, na tyubu ikiwekwa ndani haiunganishi nyuzi zilizokatika. Inasukuma palepale upepo ulipokuwa unasukuma, kisha inaongeza msuguano na joto. Kipande cha tairi kuukuu nacho husuguana na ubavu na kuvuruga balansi, usukani ukaanza kutetemeka.

Ushauri wa kupunguza upepo ni mbaya zaidi, japokuwa najua jirani ameutoa kwa nia njema. Tairi lenye upepo mdogo hupinda sana ubavuni, hupata joto, na shimo linalofuata hulibana kwa urahisi zaidi. Kulihamishia nyuma nako hakusaidii, kwa sababu tairi la nyuma likipasuka kwenye kona gari huyumba kwa nyuma, na madereva wengi hawawezi kulirudisha.

Mama Wawili, Dodoma

Naomba niongeze jambo ambalo liliwahi kunigharimu. Si kila alama ya ubavuni ni uvimbe. Mwaka juzi nilinunua matairi mawili mapya kwa sababu niliona mifereji miwili midogo iliyobonyea kwa ndani, ikishuka kutoka kwenye kashata kuelekea rimu, na muuzaji akaitikia haraka kwamba ni hatari. Baadaye nilielezwa kwamba mbonyeo wa aina hiyo mara nyingi ni mahali ambapo kingo za kitambaa cha nyuzi zimepandiana wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo pale nyuzi ni nyingi kuliko kwingine. Kinachobonyea kuelekea ndani kwa kawaida hakina neno. Kinachotokeza nje ndicho cha kuogopa. Pitisha kiganja taratibu ubavuni kote, tena na upande wa ndani unaotazama chini ya gari, kwa kuwa huko ndiko watu hawaangalii.

Jambo jingine ni matairi ya mitumba. Tairi lisilo na upepo haliwezi kuonyesha uvimbe, kwa hiyo linalong'aa dukani likiwa limepangwa juu ya mengine halikuambii lolote. Mwambie muuzaji alifunge kwenye rimu na kulijaza kabla hujatoa fedha. Akikataa, ondoka.

Kwa upande wa kinga, mimi nimenunua geji yangu mwenyewe, maana fundi anayepima upepo kwa kupiga tairi teke simwamini tena. Ninapima asubuhi kabla gari halijatembea, na ninafuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya PSI iliyochapwa kwenye tairi lenyewe ni ukomo wake, nayo si kipimo cha gari lako.

Fundi Matairi, Morogoro

Dada amesema vyema. Nami niongeze la uendeshaji: shimo likikukuta huna pa kukwepea, funga breki mapema, kisha ziachie kabla gurudumu halijaingia. Ukiingia huku umekanyaga breki, uzito mwingi wa gari unakuwa umelalia mbele na tairi hubanwa kwa nguvu zote. Na wale wanaopenda rimu kubwa wakumbuke kwamba 185/65R15 ina ubavu wa takriban milimita 120, wakati 205/45R17 ina milimita 92 tu za kuikinga rimu na lami.

Msafiri wa Kibaha

Nawashukuru sana. Leo nimelitoa tairi, na fundi alipoligeuza tukaona kwa ndani mstari mweusi uliokunjamana wenye urefu wa kidole, mahali palepale uvimbe ulipokuwa kwa nje. Nimeagiza jingine la saizi ileile, ila litafika Jumatatu. Je, nikifunga tairi la akiba naweza kuondoka Jumamosi? Halijawahi kuguswa tangu ninunue gari. Kwenye alama ya DOT iliyochapwa ubavuni, inayoonyesha tairi lilitengenezwa lini, tarakimu nne za mwisho ni 3109.

Fundi Matairi, Morogoro

Hiyo ni wiki ya 31 ya mwaka 2009. Mpira huzeeka hata ukikaa kwenye buti, na watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa ukomo. Linaweza kukufikisha dukani kwa mwendo wa taratibu, lakini hifadhi ya Mikumi na mlima Kitonga usivipite nalo. Kubadilisha tairi katikati ya hifadhi huku watoto wakiwa garini na tembo wakivuka si jambo la kulitamani. Sogeza safari hadi Jumanne, na ukiwa hapo dukani nunua mawili, moja liwe la akiba.