Naomba ushauri: shingo ya korongo wangu haisimami

Habari zenu wakuu. Natengeneza sanamu ya korongo kwa vitu vilivyotupwa: mbawa ni vijiko vya zamani, miguu ni nondo nyembamba, shingo ni mnyororo wa baiskeli. Nilipata moyo kwa msanii Picasso, ambaye mwaka 1942 aliunganisha kiti na usukani wa baiskeli tu, kikatokea kichwa cha fahali.

Kinachonitesa ni shingo. Nimepitisha waya ndani ya mnyororo, lakini baada ya siku mbili tatu inainama taratibu hadi mdomo unagusa kifua. Gundi ya epoksi nayo imebanduka kwenye vijiko. Upande wa chini wa gundi hiyo umebaki laini kama kioo, haukushika kitu. Nadhani ningepiga msasa na kufuta mafuta kwanza. Au niachane na gundi, nitoboe vijiko na kuvifunga, kama msanii wa Ghana El Anatsui anavyounganisha vizibo vya chupa kwa waya wa shaba?

Sina mashine ya kuchomelea. Halafu kutu ya mnyororo naipenda mno. Naweza kuizuia isiendelee bila kuiondoa? Mliowahi kufanya kazi hizi nielekezeni tafadhali.