Natafuta madevelopa wa kujitolea kwenye programu huria ya vikoba, wanakuja na kuyeyuka. Nakosea wapi?

Daftari_Huria:
Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Tabata. Kazi inayonilisha ni kutunza mitandao ya ofisi za watu, usiku naandika programu ya vikoba: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii na hesabu ya siku ya kuvunja. Nilianza kwa ajili ya kikoba cha mama mkwe wangu, ambao mwaka juzi walikesha mpaka saa sita usiku wakitafuta shilingi elfu nane isiyoonekana. Msimbo wote uko GitHub, mtandao ambako watu huweka misimbo yao na kuifanyia kazi pamoja, ni huria, yeyote achukue.

Kinachonishinda ni watu. Nimetangaza kwenye magrupu manne ya WhatsApp, nimeongea chuoni mara moja, nimeweka mpaka status. Walioniambia "nipo ndani mkuu" ni 31, nikawafungulia grupu lao. Walioandika walau mstari mmoja ni watatu. Leo tumebaki mmoja, yaani mimi.

Nawaza niwape fulana au nauli. Au ndiyo hivyo, sisi kujitolea hatukuwezi? Naombeni ushauri, povu wekeni pembeni.

Kishoka_wa_Mwenge:
Kazi ya bure mjini hapa? Mkuu, watu wanadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Masaa mawili anayokaa kwenye vikoba vyako angekuwa amemaliza tovuti ya mwenye duka Kariakoo na pesa imeshaingia kwenye simu. Sema atapata nini, tutakuelewa.

Hodi_Hodi:
Mimi ni mmoja wa wale 31, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Jumamosi moja nilinunua bando la wiki kwa ajili yako. Nikafungua maelekezo. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu inasema "weka mipangilio ya hifadhidata". Ipi? Kuna faili la mipangilio ambalo lipo kwenye laptopu yako tu, GitHub halipo wala mfano wake haupo. Nikauliza grupuni saa nne asubuhi. Ukanijibu Jumatano, na katikati hapo kulikuwa na pongezi za harusi ya mtu na tangazo la viwanja Kigamboni.

Nilipambana mwenyewe, ikawaka saa tisa alasiri. Nikakuta kikoba kitupu! Hakuna mwanachama, hakuna hisa, hakuna mkopo. Sasa mimi ambaye sijawahi kucheza kikoba nitajuaje kama riba imekaa sawa? Nikatafuta kitu kidogo ninachokiweza: kwenye ukurasa wa marejesho kitufe kimeandikwa "Lipa mkopu". Nikarekebisha herufi moja, nikatuma.

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Miezi mitano, bado ipo pale pale, hujakubali wala hujakataa. Mkuu, mimi sijayeyuka. Bado nimesimama mlangoni.

Daftari_Huria:
Daah. Kweli ipo. Taarifa niliiona siku ileile, nikasema nitaipitia nikitulia. Nisamehe kaka.

Mhenga_wa_Terminali:
Huyo amemaliza mada, mimi naongezea tu.

Suala la utamaduni liache. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, na msingi wake ulikuwa programu huria. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulizungusha wanafunzi na wakazi kwenye kata za Dar zinazofurika, wakachora mitaa, nyumba na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe. Wanafunzi walikuwa na mafunzo yao ya kutimiza, sawa, lakini angalia kazi ilivyokatwa: mtu anapewa eneo analoliona kwa macho, analitembea kwa mguu, jioni alichofanya kipo kwenye ramani. Wewe unamwambia mtu "karibu uchangie". Achangie nini? Aanzie wapi? Andaa tiketi kama kumi, yaani kazi ndogo ndogo zilizoorodheshwa kwenye mradi, kila moja iwe ya jioni moja, andika faili gani linahusika na utajuaje imepona, halafu zibandike lebo ya kazi za kuanzia. Na wewe usiziguse hizo! Najua ungezimaliza kwa dakika tano. Ndiyo chambo chako hicho.

Kuhusu fulana: kuna Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu wachangie miradi huria. Mwaka 2020 watu walitaka fulana kiasi kwamba wakafurika kwenye miradi ya wenzao na marekebisho ya ovyo, mtu anaongeza neno moja kwenye README, lile faili la maelezo ya mradi, anahesabu kazi. Waandaaji wakabadilisha utaratibu mwezi haujaisha, ikawa mradi usiojiunga wenyewe hauhesabiwi. Fulana italeta wapenda fulana.

Kalamu_na_Muhuri:
Nimechungulia mradi wako. Unasema huria, mbona hakuna leseni? Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu. Usipoandika ruhusa, msimbo ni wako peke yako hata ukiuanika barabarani, na anayechangia hajui kazi yake itaishia wapi. Chagua MIT kama hujali mtu aichukue akaifungie kwake, au GPL kama unataka anayeisambaza aitoe na msimbo wake. Ni faili moja tu, liweke leo.

Mweka_Hazina_Mbagala:
Wanangu, mimi sijui msimbo ila kikoba nakijua, ni mwaka wa tisa nashika hela za watu. Nilijaribu hiyo programu kwa simu ya binti yangu. Mchelewaji inamkata elfu moja, sawa. Lakini na aliyetoa udhuru inamkata! Kikoba gani kinamtoza faini mtu aliyeko msibani? Nilitafuta pa kukuambia sikupaona.

Daftari_Huria:
Shikamoo mama. Hilo la udhuru sikuliwaza kabisa. Nikikutumia kikoba cha majaribio chenye wanachama kumi na tano, utanisaidia kusema hesabu ipi sio?

Mweka_Hazina_Mbagala:
Marahaba. Nitumie, ila Jumapili usinitafute, ndiyo siku yetu ya kukutana.

Kaka_Mkubwa_Sinza:
Mimi naona watu wanakimbia kwa kuwa hawana mamlaka. Akija mtu, mpe funguo zote za mradi siku hiyohiyo, ajione mwenye mali.

Mhenga_wa_Terminali:
Hapana kaka, hapo utauua mradi. Mwaka 2024 kulitokea la xz, kiprogramu cha kubana mafaili kinachotumika kwenye kompyuta nyingi za mfumo huria wa Linux. Mtunzaji wake alikuwa peke yake, amechoka, kama mwenye uzi huu. Akaja msaidizi mpole, akasaidia zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa kutoa matoleo, kisha akapenyeza mlango wa siri. Hadi leo hajulikani ni nani. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Na hii ya vikoba ni hela za akina mama. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Aliyekwishaleta kazi nzuri kadhaa mpe ufunguo mmoja, na toleo lisitoke bila wawili kulipitia.

Binti_wa_Kijitonyama:
Wanafunzi wako wengi, ila umewafuata wakati wa mitihani. Waendee kabla ya fildi, nenda na tiketi mkononi na uwepo wa kuwajibu. Nilipokuwa mwaka wa pili nilichotaka ni mtu aliyenitangulia asome nilichoandika aniambie kibovu kiko wapi. Nikichangia, jina langu linabaki hadharani, mwajiri analiona. Kishoka, na hiyo nayo ni malipo. Kuna mipango ya kuwaingiza wanaoanza kwenye miradi huria: Google Summer of Code, ipo tangu 2005, na Outreachy. Zote zinalipa, na ukiwa umeshagusa mradi huria inakusaidia unapoomba.

Kishoka_wa_Mwenge:
Hapo sawa. Ungeanza na hilo.

Daftari_Huria:
Wakuu, narudi baada ya siku tisa. Leseni ya GPL nimeweka. Mfano wa faili la mipangilio upo, na kikoba cha majaribio kinajijaza chenyewe. Nimeazima laptopu ya shemeji isiyo na kitu nikafuata maelekezo yangu mwenyewe kama mgeni: nilikwama mara mbili, nimesahihisha. Sasa ni dakika kumi na nane. Tiketi za kuanzia zipo saba, ya udhuru wa msiba ni namba moja. Maswali yote yanaulizwa kwenye mradi wenyewe, nimeahidi kujibu kila siku saa mbili usiku. Na "mkopu" imekuwa "mkopo", asante Hodi_Hodi.

Hodi_Hodi:
Nimeona. Namba moja nimeichukua mimi. Mama wa Mbagala, udhuru unatolewa kabla ya kikao tu, au hata siku ya pili unapokelewa?