Siku ya kwanza ya kurekodi Bagamoyo: maji yalijaa kabla hatujamaliza onyesho, naomba ushauri

Mwanafunzi_wa_Filamu:
Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Sisi ni wanafunzi saba wa mwaka wa pili, na Jumamosi iliyopita tulianza kurekodi filamu yetu fupi ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho na mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitupokea vizuri, kwa hiyo upande huo sina la kuuliza. Kilichotushinda ni bahari.

Onyesho ni la mama anayemsubiri mwanawe arudi kuvua. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, lakini kufunga vifaa na kupanga watu kulituchelewesha hadi saa tatu. Tulianza na picha za mbali: maji yamekupwa, ngalawa imelala ubavu juu ya mchanga, na mama anatembea peke yake kwenye ufuko mpana. Picha za uso wake tuliziacha hadi baada ya chakula. Tuliporudi saa tisa ngalawa ilikuwa inaelea, na pale aliposimama asubuhi palikuwa pamefunikwa na maji. Tulirekodi hivyo hivyo, kwa sababu mama huyo si mwigizaji, ni muuza samaki wa pale pale, na alikuwa ameacha biashara yake kwa ajili yetu tangu asubuhi.

Je, onyesho hili linaweza kuokolewa katika uhariri, au turudie lote? Fedha iliyobaki inatosha siku moja tu, na ninaona vibaya kumsumbua mama huyo tena.

Mtoto_wa_Pwani:
Marahaba, mdogo wangu. Mlikwenda wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo maji hupwa sana na hujaa sana. Katika pwani yetu hii, siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na ndiyo maana mkirudi Jumamosi ijayo mtakuta maji mafu, yaani yasiyopwa sana wala kujaa sana, na saa nne ile ile bahari itakuwa imejaa. Hesabuni siku 14 au 15 tangu siku mliyorekodi, kisha mthibitishe kwa nahodha yeyote wa hapo kabla ya kukodi gari.

Mhariri_Dar:
Naongeza jambo ambalo sidhani kama mmeliona. Ufuko wa Bagamoyo unatazama mashariki. Asubuhi, mtu anayeangalia bahari anapigwa na jua usoni. Alasiri jua liko mgongoni mwake na uso umeingia kivulini. Hata maji yasingejaa, nyuso za saa tisa zisingeungana na picha za saa tatu. Siku nyingine anzeni na uso wakati jua bado liko chini, kwa sababu picha ya mbali inavumilia mwanga mkali kuliko uso wa mtu.

Hata hivyo, nisingewashauri mrudie lote. Mama anayesubiri tangu maji yamekupwa hadi yamejaa amesubiri kutwa nzima, na mtazamaji ataliona hilo bila kuambiwa. Mnachokosa ni picha moja ya katikati, maji yakianza kuifikia ngalawa. Angalieni tu kama mavazi yake yanakubali.

Fundi_Sauti:
Mkienda, rekodini sauti ya bahari peke yake kwa dakika mbili, maji yakiwa mbali na tena yakiwa karibu, maana hazifanani hata kidogo. Maikrofoni ivalishwe manyoya ya kuzuia upepo. Upepo ukishaingia kwenye sauti, hautoki.

Bi_Mkubwa:
Wanangu, huyo mama mlipeni thamani ya mauzo ya siku hiyo, na mmwambie kabla, msisubiri kazi iishe. Muuza samaki akikosa asubuhi amekosa siku yote.

Mwanafunzi_wa_Filamu:
Ahsanteni sana, na Bi Mkubwa, tumekusikia. Usiku wa jana tulipitia picha zote upya. Kanga ni ile ile. Asubuhi ilikuwa kavu, na alasiri pindo lake limelowa hadi magotini, kwa sababu alikuwa ameingia majini kumsaidia mwenzetu kuokoa mguu wa kamera. Inaungana na wazo la mhariri bila sisi kuongeza chochote. Tutarudi bamvua ijayo, watu watatu tu, kwa picha ya ngalawa na sauti ya maji. Picha hiyo haihitaji uso wa mama, kwa hiyo tutamlipa siku yake ya Jumamosi anayotudai, naye abaki sokoni na samaki wake.