Kuidhinisha ada ya ruzuku kwa watoto wenye ulemavu kituo cha mchana: kiwango kinapangwaje?

MleziUyole

Habari za jioni wadau. Kituo chetu cha kulelea watoto wadogo mchana kipo Uyole, Mbeya. Kimesajiliwa, kina watoto 46 wa miaka 2 hadi 4, na ada ni 60,000 kwa mwezi pamoja na uji wa saa nne na chakula cha mchana. Kuna mfuko wa ruzuku unaochangiwa na kanisa na wafanyabiashara wachache wa Mwanjelwa, jumla 5,400,000 kwa mwaka, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu tu.

Maombi yameingia matano. Watoto wawili wana utindio wa ubongo na hawakai bila kuegemezwa, mmoja ni kiziwi, mmoja ana ualbino, na mmoja ana kifafa lakini anatembea vizuri. Kamati imegawanyika. Upande mmoja unataka wote wapewe nusu ada, yaani 30,000 kila mmoja, yaishe. Upande wa pili unataka barua ya daktari ndiyo iamue. Wenye uzoefu, kiwango kinapangwaje, na nani aidhinishe?

Nyanda_Hesabu

Ndugu, nusu ada itawaumiza hao wawili wa utindio wa ubongo, na sababu ni ya hesabu tu. Ukimpunguzia mzazi 30,000 na mfuko ukalipa hizo 30,000, kituo bado kinapokea 60,000 ileile. Mzazi amepata nafuu, sawa. Lakini mikono ya kumlisha na kumgeuza mtoto haijaongezeka hata mmoja. Mwezi wa pili utasikia walezi wanamwambia mama "mtoto amelia sana leo, labda mkae naye nyumbani kidogo". Watoto wengi wenye ulemavu hutolewa vituoni hivyo, kwa upole, bila mtu kutamka kwamba wamekataliwa.

Tenganisha mambo mawili: gharama halisi ya kumlea mtoto huyu, na uwezo wa mzazi wake. Ruzuku ni tofauti kati ya hivyo viwili.

Gharama ipimwe kwa dakika. Kwa siku 5 za kazi mlezi aandike kwenye daftari kila msaada ambao watoto wengine wa umri huo hawauhitaji. Mtoto asiyekaa mwenyewe, mfano wa daftari lake:

Kulishwa mara 2, kila mara dakika 20 zaidi ya wenzake = 40
Kubadilishwa pampasi mara 4, dakika 10 = 40
Kubadilishwa mkao na kubebwa mara 12, dakika 5 = 60

Jumla dakika 140 kwa siku. Kwa siku 22 za mwezi ni dakika 3,080, sawa na saa 51 na dakika 20.

Sasa gharama ya saa. Tuseme mlezi analipwa 300,000. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10, yaani 30,000, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, yaani 1,500. Inakuwa 331,500. Gawa kwa saa 176 (siku 22 mara saa 8), unapata kama 1,884 kwa saa. Zidisha kwa saa za mtoto: karibu 96,700. Weka ada ya kawaida 60,000 na pampasi 88 kwa bei ya 500, yaani 44,000. Gharama ya mtoto huyo ni 200,700 kwa mwezi. Mzazi akiweza 15,000, mfuko unabeba 185,700. Wekeni mshahara na bei za kwenu, njia haibadiliki.

Watoto wawili wa namna hiyo ni saa 4 na dakika 40 kila siku. Huyo tayari ni mlezi wa nusu siku, saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, aajiriwe kwa kazi hiyo. Ila dakika hugongana: wote wawili wanakula saa nne. Kumlisha mtoto wa aina hii si kumtia kijiko mdomoni. Anakalishwa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kinaingia nusu tu, unangoja ameze ndipo uongeze. Akilishwa amelala chali uji unaingia njia ya hewa, anapaliwa, na baadaye kifua. Kwa hiyo mmoja aanze saa 3:30, mwingine saa 4:10. Mkitaka mlezi mmoja awalishe wote kwa wakati mmoja, mmoja atalishwa haraka, na hapo ndipo ajali inapotokea.

UstawiKata

Nakubaliana na Nyanda_Hesabu. Naongezea upande wa nyaraka na idhini, maana maombi mengi yanakwama hapo.

Barua ya daktari ni ya lazima lakini isiwe ndiyo inayopanga kiwango. Barua nyingi zinasema tu "mtoto ana ulemavu wa viungo" na muhuri. Hiyo haikuambii chochote kuhusu siku ya mtoto. Wapeni wazazi karatasi yenye maswali ya kumpelekea mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) au mtoa tiba kwa vitendo (anayemfundisha mtoto shughuli za kila siku): anakaa mwenyewe? anatafuna? anapaliwa? ana degedege, na hudumu dakika ngapi? anatumia dawa gani na saa ngapi? mikao ipi ni salama? Ikirudi imejazwa, mnaisoma sambamba na lile daftari la siku 5. Vikipishana sana, rudieni kuangalia siku 2.

Faili la mwombaji liwe na barua ya daktari, hiyo karatasi, nakala ya kadi ya kliniki, barua ya mtendaji wa mtaa, maelezo mafupi ya afisa ustawi wa jamii baada ya kufika nyumbani, na cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti asirudishwe. Mkoa wa Mbeya ndio ulioanza mwaka 2013 ule mpango wa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi) wa kusajili watoto chini ya miaka 5 kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, bila malipo. Mpeni mzazi mwezi mmoja akakifuate huku mtoto akiendelea kuja.

Kuhusu kipato, kaya ambayo tayari ipo kwenye mpango wa TASAF (ruzuku ya serikali kwa kaya maskini) isiulizwe upya. Imeshahakikiwa. Na fedha za TASAF msizihesabu kama uwezo wa kulipa ada, zina kazi yake pale nyumbani.

Kuna watu watawaambia mkaombe ile asilimia 2 ya halmashauri. Hiyo ni sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo na unarudishwa. Inafaa mradi wa kikundi. Kulipia ada ya mwezi kwa mkopo ni kumwongezea mzazi deni.

Kamati ya kuidhinisha iwe ya watu 5: mlezi mkuu, mwakilishi wa mfuko, wazazi 2 (mmoja mwenye mtoto mwenye ulemavu), na afisa ustawi wa jamii wa kata kama mjumbe au mshauri. Mwenye mtoto anayejadiliwa atoke nje. Mlezi mkuu atoe maelezo lakini asipige kura, kwa kuwa kituo chake ndicho kinacholipwa. Majibu yatoke ndani ya siku 14 kwa maandishi, yakitaja kiwango, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na sababu. Anayekataliwa aelezwe akate rufaa kwa nani.

MleziUyole

Asanteni sana, hii ya dakika inaeleweka hata kwa wajumbe wagumu. Maswali mawili: idhini iwe ya muda gani, na mtoto asipokuja tunalipa au hatulipi? Huku Juni na Julai baridi ni kali, wa utindio wa ubongo wanakosa hata wiki mbili.

Mtoto_Kwanza_Iringa

Lipeni kwa nafasi, si kwa mahudhurio. Mlezi wa nusu siku mshahara wake haupungui mtoto akiwa na kifua. Mkikata siku, Julai hamtakuwa na cha kumlipa, ataondoka, na mtoto akirudi Agosti hakuna aliyejifunza kumlisha. Wekeni kikomo: zikipita siku 10 mfululizo mtu aende nyumbani kuuliza hali, na nafasi isifutwe kabla ya hapo. Malipo yaingie kabla ya tarehe 5 ya mwezi husika.

Muda uwe miezi 12. Marekani, ule mfuko wa serikali kuu wa kusaidia malezi ya watoto (CCDF) unadai mtoto akishakubaliwa akae angalau miezi 12 kabla ya kuhakikiwa tena, na majimbo yanatakiwa kuwapa kipaumbele watoto wenye mahitaji maalum. Msaada kwa kawaida ni kwa walio chini ya miaka 13, ila jimbo linaweza kuufikisha hadi chini ya 19 kwa asiyeweza kujihudumia. Pia sheria yao ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu hairuhusu kituo kumtoza mzazi nyongeza kwa marekebisho ambayo sheria inayataka. Hili la mwisho liigeni leo hii: andikeni kwenye fomu kwamba kituo hakitachukua chochote zaidi ya mchango ulioidhinishwa. Zile "elfu kumi ya mlezi" za pembeni ndizo zinazowakimbiza kina mama.

Miezi 12 isizuie kuongeza. Mtoto akianza degedege mpya au akifanyiwa upasuaji, pimeni upya wiki hiyohiyo. Kupunguza ndiyo kungoje mwaka uishe.

Sasa hao watatu waliobaki. Kwanza tuone mfuko unabaki na nini: wale wawili wa utindio wa ubongo kwa 185,700 ni 371,400 kwa mwezi. Mkifunga Desemba, miezi 11 ni 4,085,400. Tengeni asilimia 10 ya mfuko kama akiba, 540,000. Zinabaki 774,600.

Mwenye ualbino hana dakika za ziada, mahitaji yake ni ya vifaa: kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua yanayopakwa kabla ya kutoka nje, na kukaa karibu na picha au ubao. Msidanganywe na mawingu. Mbeya ipo juu sana, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mionzi inachoma hata siku ya baridi. Michezo ya nje ihamie saa mbili asubuhi, kwa watoto wote, asibaki ndani peke yake akiwachungulia dirishani.

Kiziwi anahitaji kipimo cha usikivu kwanza, na mlezi aliyefundishwa lugha ya alama. Hiyo ni gharama ya mara moja, iandikwe kwenye fungu la mafunzo na si kwenye kiwango cha mwezi. Na wenzake darasani wafundishwe alama za maji, choo, njoo, inauma. Watoto wa miaka 3 wanazishika kwa siku chache.

Wa kifafa, kiwango chake cha mwezi ni kidogo sana, labda sifuri, lakini mafunzo ya walezi wote hayakwepeki: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa, zikipita dakika 5 ni hospitali. Nauli ya bajaji ya dharura itengwe na ikae kituoni taslimu.

Viti vya kona (vyenye mgongo na kando za kumshikilia mtoto akae wima) vya wale wawili wa utindio wa ubongo, mpeni seremala vipimo vilivyochukuliwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwenye mwili wa mtoto mwenyewe. Kiti kikiwa kipana anadondokea upande mmoja, miguu ikining'inia anakakamaa. Na viti hivyo viingie fungu la vifaa.